Mtoto Asingojee Makombo

Liko neno moja ambalo mwalimu, mwuguzi na padri wa bonde la Ruzizi hulisikia kila juma. Mtoto hakurudi shuleni, ukimwuliza baba yake sababu, ajibu: «Hatuna.» Mtoto mwingine amevimba miguu, nywele zake zimekuwa nyekundu, hataki tena kucheza na wenzake, ukimwuliza mama yake anakula nini, ajibu: «Bukari tu. Hatuna kingine.» Neno hilo ni fupi, na mara nyingi ni la kweli. Lakini leo nataka kushindana nalo. Maana katika nyumba nyingi kweli nzima ni hii: «Kidogo tulikuwa nacho, ila tulipogawanya, mtoto tulimweka mwisho.»

Mtu asifikiri kwamba ninawacheka maskini. Twajua sote mambo yaliyotupata. Udongo wa bonde hili ni mwema. Mpunga, mihogo, mahindi, maharagi na karanga hustawi. Mto Ruzizi unapita hapa ukitoka ziwa Kivu na kushuka mpaka Tanganyika. Lakini udongo mwema haumlishi mtu asiyeweza kuulima kwa amani. Mwaka 1996 vita iliingia katika pande hizi hizi za Uvira, na kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichowapa watu wengi mshahara, kikasimama. Usiku wa 6 Juni 2014, hapa Mutarule, watu wasiopungua 30 waliuawa, na kati yao walikuwamo wanawake na watoto wengi. Februari 2025, Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23, maelfu ya watu walivuka mto wakaingia Burundi, watoto mgongoni na sufuria kichwani. Desemba ya mwaka ule ule vita ikafika Uvira yenyewe. Mtu aliyekimbia shamba lake mara mbili, mara tatu, akirudi akute limekuwa msitu, nani atathubutu kumwita mvivu? Anayesema hivyo anasema uwongo, tena anamkosea ndugu yake.

Kwa hiyo simwulizi mzazi kwa nini hana vingi. Namwuliza swali jingine: Kile kidogo kilipoingia nyumbani, nani alipewa sehemu ya kwanza?

Tulifuate gunia moja la maharagi tangu shambani mpaka sahanini, tuone linavyokwenda. Mara nyingi gunia hilo limekwisha uzwa kabla halijavunwa. Tuseme ni mwezi wa Aprili, akiba imekwisha. Baba anakwenda kwa mfanyabiashara, anapokea feza za nusu gunia, naye anaahidi kulipa gunia zima siku ya mavuno. Mkataba huo haukuandikwa, lakini unashika kuliko kamba. Juni inafika, mama na watoto wanavuna, na mwenye deni amekwisha simama kando ya shamba na mizani yake. Kwa miezi miwili tu, nusu gunia imezaa nusu gunia nyingine, nayo imezaliwa nyumbani mwa mwingine. Halafu Oktoba, njaa ikianza, baba yule yule anarudi sokoni kununua kikopo kikopo maharagi aliyoyalima mwenyewe, kwa bei ambayo imepanda sana. Basi amelima mara moja, amepoteza mara mbili.

Utasema: «Alikuwa na shida, angefanya nini?» Mara nyingine ni kweli: mtoto alikuwa hospitalini, au mama alikuwa akijifungua. Deni la namna hiyo ni deni la uhai, wala simlaumu mtu. Lakini tuwe watu wa kweli. Mashamba mangapi yameuzwa yangali mabichi kwa ajili ya dawa, na mangapi kwa ajili ya kasiksi, ya kitenge cha arusi, ya kreti za bia za ubatizo? Kila msomaji ajibu mwenyewe katika nyumba yake. Mimi sitamjibia.

Gunia la pili limenusurika, limefika nyumbani. Sasa tuingie jikoni. Mama amepika bukari, na kando yake ndagala kidogo au maharagi. Baba anatengewa kwanza, na samaki karibu wote ni wake. Mgeni yupo? Naye apate. Wavulana wakubwa wanafuata. Mtoto wa miaka miwili, ambaye mdogo wake amekwisha zaliwa na kumwondoa maziwani, anapewa tonge la bukari lililochovywa katika mchuzi. Amekula, tumbo limejaa, hata halii. Wazazi wanadhani ameshiba. Sivyo hata kidogo!

Ugonjwa unaozaliwa na tonge hilo twaujua katika Kivu kwa jina la bwaki. Waganga wa dunia nzima huuita kwashiorkor. Jina hilo si la Kizungu. Ni neno la Waga, watu wa pwani ya Ghana. Mganga mwanamke Mwingereza, Cicely Williams, alilisikia huko kwa akina mama, akaandika habari za ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akaujulisha ulimwengu kwa jina lake lile la Kiafrika. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake aliyezaliwa. Tazameni jinsi akina mama wale walivyoona mbali! Hawakuuita ugonjwa wa njaa. Waliuita ugonjwa wa mtoto aliyesukumwa nyuma. Ndilo jambo ninalolisema katika makala haya.

Na sababu yake si fumbo. Gramu 100 za maharagi makavu zina karibu gramu 21 za chakula kinachojenga mwili. Karanga hupita gramu 20. Ndagala waliokauka hupita zote mbili kwa mbali. Gramu 100 za unga wa mihogo hazifikishi hata gramu 3. Muhogo watia nguvu, lakini haujengi. Mtoto anayelishwa bukari peke yake ni kama nyumba inayojengwa kwa maji bila matofali.

Hapa baba mmoja atasimama na kusema: «Tangu wazee wetu, mwanamume hula kwanza, maana ndiye mwenye kazi ngumu.» Nami namjibu kwa heshima: Baba, mwili wako umekwisha jengwa. Ukikosa samaki leo, utaona njaa, kesho utapona. Mtoto wako yungali anajengwa. Akikosa leo, kesho na kesho kutwa, urefu wake na akili yake vitapungua, na miaka iliyopita hairudi. Tena, kuhusu kazi ngumu, tuulizane: ni nani aliyelima shamba lile, akabeba maji, akatafuta kuni, akatwanga mihogo, naye ana mimba? Kama sahani ingegawiwa kwa kipimo cha kazi, mama angekula wa kwanza kila siku. Lakini hata yeye huwaachia wengine.

Sasa tuondoke jikoni, twende shuleni. Kwa habari ya shule, kosa si la wazazi peke yao, wala sitaficha. Tangu mwaka 1993, Serikali ya Zaire iliposhindwa kuwalipa waalimu, wazazi ndio waliobeba mshahara wao, hata katika shule za Kanisa letu. Ilisemwa kwamba ni kwa muda tu. Muda huo ulikuwa zaidi ya miaka 25. Katiba ya 2006, katika sharti lake la 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za umma; lakini neno hilo lilikaa kwenye karatasi mpaka Septemba 2019, Serikali ilipoanza kulitimiza. Hata leo daftari si bure, wala kalamu, wala nguo ya shule, na mtoto akipanda shule ya sekondari, karo inamngojea mlangoni.

Kwa hiyo nawaambia wakubwa wa shule neno moja, nao walisikilize. Mnapomwita mtoto mbele ya darasa lote na kumfukuza kwa sababu karo haikulipwa, mnakosea mlango. Deni ni la baba, aibu anapewa mtoto. Mwiteni baba. Na nyinyi wenye mamlaka, mwalimu asiyelipwa naye ana watoto. Papa Leo XIII alifundisha tangu mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, kwamba mshahara wa mfanyakazi yapasa umtoshe kuishi, akiwa na mke na watoto wake. Hayo hayakuandikwa kwa ajili ya viwanda vya Ulaya tu.

Lakini nikiisha kuwaambia wakubwa, narudi nyumbani, maana mtoto hawezi kungoja mpaka wakubwa waongoke. Katika nyumba yenye watoto sita, feza zikipungua, nani anaondolewa shuleni kwanza? Binti. Anaambiwa abaki kulea wadogo zake. Miaka miwili baadaye anaanza kutazamwa kama ng'ombe watakaoingia zizini. Sheria ya nchi yetu ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto yakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Sheria ile iko, na mabinti wanaolewa. Kisha binti huyo, aliyetolewa shuleni ili kuokoa feza, anarudi nyumbani na mtoto mgongoni, na vinywa vimeongezeka. Hiyo ndiyo akiba gani?

Nafika sasa mahali panapouma, maana panatugusa sisi Wakristo wenyewe. Ni karamu zetu. Mtoto anapokea Komunyo ya kwanza. Ni siku kubwa, siku ya furaha ya kweli. Lakini tangu lini furaha hiyo yapimwa kwa kreti? Baba anakopa kwa riba, mkopo ule ambao watu wa Kongo wameupa jina la utani la Banque Lambert, unaoweza kudai hata nusu juu ya deni. Gauni jeupe linanunuliwa, kiatu cheupe, keki. Jirani wanakula, wanasifu, wanakwenda zao. Jumatatu mtoto yule yule anakwenda shuleni bila daftari. Nawauliza: mmemheshimu mtoto, au mmejiheshimu wenyewe kwa jina la mtoto?

Najua jibu lililo tayari. «Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana, akawapa watu divai.» Vema. Lakini soma vizuri. Bwana wetu aliwapa bure, hakuwakopesha. Wala hakuna aliyeambiwa kule Kana auze shamba la watoto wake ili mitungi ijae. Tena ni Bwana yule yule aliyetufundisha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi, ahesabu gharama, aone kama ataweza kumaliza. Mbona twaikumbuka Kana kila Jumamosi, na mnara hatuukumbuki hata siku moja?

Na matanga je? Mtu amekufa, ameacha watoto watano na magunia matatu. Jamaa wanafika kumlilia, ndiyo desturi njema. Lakini wanakaa siku nyingi, wanakula, wanakunywa. Siku ya kumaliza matanga, watoto wangali watano, magunia hayapo. Wale waliokuja kumfariji mjane wamekula urithi wa yatima, kisha wanaaga kwa kusema «pole». Mazishi ya namna hiyo ni wizi uliovaa nguo za huruma.

Wako wengine wanaotuletea shauri kutoka mbali. Wanasema: «Dawa ni moja tu: msizae.» Kwamba uzazi yafaa upishane, nakubali, wazee wetu walijua, ndiyo maana walimnyonyesha mtoto muda mrefu, na ugonjwa wa bwaki watuonya vivyo hivyo. Mume na mke wazungumze jambo hilo kwa upole na uaminifu. Lakini mtoto aliyekwisha zaliwa haambiwi kwamba amezidi hesabu. Wako na wengine, wa kwetu, wanaosema kinyume: «Mungu aliyempa kinywa atampa na chakula.» Hao nawaogopa zaidi, kwa sababu maneno yao yana sura ya imani. Mungu amekwisha toa chakula. Kilikuwa katika gunia lile. Wewe ulipewa kukigawanya.

Basi tufanye nini? Sitaki kulaumu tu na kwenda zangu. Nataja mambo manne, wala hakuna hata moja linalomtaka mtu awe tajiri.

La kwanza: liwepo gunia la mtoto. Mwezi wa Septemba una vinywa viwili: shamba ladai mbegu, shule yadai daftari. Lakini mavuno ya Juni na Julai yako karibu. Siku ile ile ya kupura, kabla deni halijapiga hodi, mume na mke watoe sehemu moja katika tano, waiite ya watoto. Waikaushe vizuri juani, waitie katika bidoni lililofungwa sana lisiingie hewa, na wadudu hawataishi humo. Sehemu hiyo haiguswi mpaka Septemba. Kama ni gunia zima au kopo tatu, si kitu. Litakalotolewa kwanza ndilo litakalobaki.

La pili: mtoto mdogo awe na sahani yake, nayo itengwe kwanza. Maharagi yaliyopondwa, ndagala zilizotwangwa na kutiwa katika uji, lengalenga, sombe iliyoiva vizuri pamoja na karanga: hivyo vyote vinapatikana katika bonde letu, na bei yake haifiki bei ya chupa moja ya bia. Kwa mtoto wa miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama yatosha. Baada ya hapo aongezewe chakula, naye aendelee kunyonya mpaka atimize miaka miwili.

La tatu: akiba ya pamoja. Wengi wetu twaijua likelemba, na akina mama wengi wa Kivu ya Kusini wamo katika MUSO, mashirika yao ya kusaidiana. Liwepo sanduku moja linalofunguliwa mwisho wa Agosti tu, kwa ajili ya shule. Mzazi anayeweka franka 1,000 kila juma, tangu mwanzo wa Oktoba mpaka mwisho wa Agosti, atakuta franka zisizopungua 47,000. Feza hizo hazijengi nyumba. Lakini zikishikwa mkononi Septemba, baba hataenda kuuza shamba bichi ili kununua madaftari. Haba na haba hujaza kibaba.

La nne: kila shirika la Wakristo liweke mapatano juu ya karamu. Siku ya Komunyo ya kwanza, watoto wote wale pamoja baada ya Misa, kila nyumba ilete sahani moja, na asiruhusiwe mtu kukopa kwa ajili ya siku hiyo. Kwenye matanga, anayekuja aje na chakula chake, tena alete na kikopo cha yatima. Maskini mmoja akiacha karamu, watu watasema ni bahili. Shirika lote likiacha pamoja, hapatakuwa na wa kumcheka.

Hata haya manne yatakufa kama mume ataficha feza mfukoni na mke ataficha kikopo chini ya kitanda. Yafaa wakae pamoja, waseme wazi: kilichoingia ni hiki, kinachotoka ni hiki. Mwanamume anayeona haya kuhesabu feza pamoja na mke wake, na haoni haya mtoto wake akifukuzwa shuleni, ameweka haya mahali pasipo pake.

Ndugu zangu wa Mutarule, wa Luberizi, wa Sange na wa bonde lote, umaskini hatukuuita, wala hatuwezi kuufukuza kwa siku moja. Vita si sisi tulioichagua. Lakini mkono unaogawanya chakula ni mkono wetu wenyewe. Hakuna askari aliyeushika, wala mfanyabiashara aliyeununua. Mavuno yajayo, gunia litakapofika mlangoni, wengi watakuwa wanalingojea: mwenye deni, jamaa, rafiki wa pombe, mgeni. Wote watajua kusema na kudai. Yuko mmoja tu asiyejua kudai, kwa sababu bado ni mdogo. Baba na mama ndio waliowekwa wamsemee. Wamtolee sehemu yake kwanza, ndipo wasikilize madai ya wengine.